Chungu Nilichowafunulia Wageni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo pua yangu huikumbuka kabla ya akili. Nikipita karibu na choo kilichooshwa kwa dawa ya hospitali, ile dawa nzito inayonuka lami na usafi kwa pamoja, husimama ghafla. Watu hudhani nimeshikwa na kiungulia. Kumbe nimerudi Kigali ya mwaka tisini na tatu, msimu wa mvua za mwisho wa mwaka, katika chumba kilichokuwa maabara ya shule moja ya sekondari, nimevaa koti jeupe nililolipenda kuliko nilivyoipenda kazi yenyewe.

Nakuandikia haya kwa sababu juzi ulikuja nyumbani ukanieleza, macho yakikung'aa, kwamba wataalamu wa siku hizi wanaikamata kabonidioksidi, hewa hii ya ukaa tunayoilaani kila kukicha, na kuifanya tofali la kujengea dawa na plastiki. Ulinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mzee kutumia simu. Nikanywa chai yangu, nikakusikiliza. Kijana akikatizwa katika furaha yake huondoka mapema, nami nilikuwa bado nataka maongezi. Lakini tofali hilo, mwanangu, nililishika mkononi kabla hujazaliwa, na likaniponyoka.

Nilikuwa nimerudi kutoka Lubumbashi nilikosomea kemia. Kwetu ni Biryogo, mtaa wetu wa Waislamu, ambao mjini hapa huitwa Waswahili, na kwa vile nilikuwa wa kwanza pale mtaani kurudi na shahada ya kitu ambacho hakuna aliyekielewa, waliniita Daktari, wakaniletea watoto wenye homa. Sikuharakisha kuwasahihisha. Koti jeupe nililivaa darasani, nikalivaa njiani, na Jumamosi nikalivaa hadi Gisimenti kula mishikaki, mpaka siku mhudumu mmoja aliponiuliza kwa heshima zote kama mimi ndiye mchinjaji mpya.

Shule ilikuwa ya mapadri, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia Mwalimu Faustini. Huyo alikuwa mzee mwembamba wa Kagarama, Mkristo wa kanisa la asubuhi, aliyesomea ufamasia Ubelgiji enzi za ujana wake na kurudi na vitu viwili: mwavuli mweusi na tabia ya kutomaliza sentensi kabla hajaifikiria. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, kinachotia “iko” kila mahali kama mpishi mkarimu wa chumvi. Mimi niliyejiona bingwa wa ngeli nilikicheka moyoni. Mwenye kucheka kilema cha mwenziwe huwa hajajitazama, na siku yangu ya kujitazama ilikuwa njiani.

Vita vilikuwa vimekata barabara ya kaskazini, na vitu vingi vilivyotoka Uganda vilikuwa adimu, marhamu ya choa ikiwemo. Watoto wa bweni walijikuna usiku kucha, na walimu tuliwasikia wakijikuna mchana pia. Mwalimu Faustini akasema dawa ile si mwujiza. Moja ya asidi zake, inayoitwa asidi ya salisili, mtu anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa fenoli, soda kali na kabonidioksidi.

Nikueleze kidogo, ingawa najua utaniambia unajua. Kabonidioksidi ni mzee aliyestaafu. Kila kitu chenye kaboni kikiungua, huishia hapo. Imetoa yote iliyokuwa nayo, imetulia, haitaki tena shughuli. Kuirudisha kazini kunahitaji mwenzi mwenye hamu kubwa, na joto, na shinikizo. Fenoli ikichanganywa na soda kali hugeuka chumvi nyeupe, na hiyo chumvi ndiyo mwenzi mwenye hamu. Ukiifungia pamoja na ile gesi katika chuma kinene, ukaipasha moto kwa saa kadhaa, mstaafu anakubali: anaingia katika nyumba ya fenoli, anakaa, anakuwa sehemu ya dawa. Mwalimu alinionya nisilete majivu ya maganda ya ndizi badala ya soda, kwa sababu majivu yana potasiamu. “Gesi itaingia, lakini iko na uwezo ya kukaa kiti ingine,” alisema, “na sisi hatutaki asidi ingine, tunataka hii.”

Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa moja. Chumvi hiyo lazima iwe kavu kabisa. Ikiwa na maji, gesi huyakimbilia maji, na pale hutokea kitu kingine cha bure, ndugu wa magadi tunayolainishia maharage, na fenoli hurudi kama ilivyokuja. Lila na fila hazitangamani.

Sasa ujue kilichokuwa hatarini. Padiri mkuu wa shule alikihitaji chumba chetu. Hakuwa mtu mbaya. Wanafunzi waliofukuzwa makwao na vita walikuwa wanalala kwenye mikeka, na yeye alitaka mahali pa kuwekea magodoro na magunia ya chakula. Alimwambia Mwalimu mbele yangu, “Nionyeshe kwamba chumba hiki kinazaa kitu. Siku ya wazazi nitakuja nao. Kikizaa, kitabaki chako. Kisipozaa, utanisamehe.” Mwalimu alikuwa amekijenga chumba kile rafu kwa rafu, kwa mbao za kuomba, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliinama kidogo, kama wanavyoinama watu wa hapa wanapopewa jambo zito.

Mtungi wa gesi tuliuazima kwa mwenye baa mmoja wa Gisimenti aliyekuwa na mashine ya soda. Chungu tulichomelewa na fundi kutokana na kipande cha bomba nene: kifuniko cha bolti, kijisaa cha kupimia shinikizo, na bomba dogo la kuingizia gesi. Siku ya kuamkia sherehe tulishinda tukiikausha chumvi juu ya jiko la mkaa, tukiisaga, tukiirudisha motoni, mpaka ikawa unga unaoteleza kama vumbi la chaki. Mwalimu akaumimina chunguni, akafunga bolti mwenyewe.

“Kesho usifungue,” akaniambia. “Ile kitu iko na kiu. Ikiona hewa ya mvua itakunywa. Halafu gesi ikikuja itaoa maji, sisi tutabaki kwa mlango tunaangalia harusi ya wengine.”

“Nimeelewa, Mwalimu.”

“Umeelewa na kichwa. Iko sawa. Mikono itaelewa kesho.”

Asubuhi ikaja na mvua. Mwalimu alikwama njiani. Askari walikuwa wamesimamisha watu na kuwapekua, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Wazazi nao, ambao kwa kawaida mji huu huwaleta sherehe inapokwisha, siku hiyo walikuja mapema kuwahi misa, na mvua iliposhika kasi wakakimbilia mlango uliokuwa karibu. Mlango huo ulikuwa wangu. Wakaingia na miavuli inayochuruzika na makoti yanayofuka mvuke, wakasimama kuzunguka meza, na katikati ya meza kipo chungu cha chuma kilichofungwa.

Mfanyabiashara mmoja wa Kabuga, baba wa wanafunzi wawili, mnene na mcheshi, akakigonga kwa pete yake. “Ehe, wewe Mswahili, mmetupikia nini?”

“Dawa, mzee wangu.”

“Dawa iko kwa chuma imefungwa na bolti? Kwetu hata pombe, mwenye nyumba anaonja kwanza, ndio mgeni anapokea. Wewe unatupatia chungu ya kufunikwa?”

“Labda yeye haonji kwa sababu ni Ramadhani,” akasema mwingine, nao wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa Ramadhani ilikuwa mbali.

Kisha mama mmoja aliyekuwa nyuma akasema taratibu, bila mzaha, “Siku hizi chuma ikifungwa hivyo, watu wanauliza.”

Kicheko kikakatika. Mwanangu, wewe umekulia Kigali ambamo mtu huacha mlango wazi akaenda dukani. Ile Kigali nyingine ilikuwa na maguruneti yanayolipuka sokoni na kwenye vituo vya basi, na minong'ono iliyomtazama kila mtu na alichobeba. Na tangu zamani, kabla ya vita na kabla ya bunduki, hapa kwetu mwenyeji huonja kwanza mbele ya mgeni ili mgeni ajue hakuna sumu. Chungu kilichofunikwa mbele ya mgeni ni tusi. Unga ule singeweza kuuonja, ungenichoma ulimi. Lakini kuufunua niliweza.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa adabu tupu. Adabu ilikuwepo, na hofu ilikuwepo, na koti jeupe lilikuwepo. Watu wazima walikuwa wamenizunguka wakingoja nifanye kitu. Nikachukua spana.

Nilifungua bolti zote, nikainua kifuniko, nikawaambia, “Tazameni, ni unga tu.” Chungu kikapita mkono kwa mkono kama mtoto mchanga siku ya kupewa jina. Na kwa kuwa walikuwa watu waungwana, hakuna aliyetazama harakaharaka. Kila mmoja aliinamisha uso, akatazama muda unaotosha kuonyesha heshima, akasema ni mzuri, akampa jirani. Bibi mmoja alivuta harufu, akakunja pua, akaupuliza kidogo, kama mtu anayepoza uji wa mjukuu. Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo za makoti yao. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema kama mwenyeji atapona na kila ugonjwa.

Mwalimu Faustini akaingia akiwa amelowa, mwavuli umepinda. Akaona bolti zimepangwa mezani. Akanitazama.

“Wageni wameona?” akauliza.

“Wameona, Mwalimu.”

“Tumeona, Mwarimu,” akasema yule wa Kabuga, sasa amefurahi kabisa. “Ni unga muzuri sana. Kijana wako ana heshima.”

“Murakoze cyane,” akajibu Mwalimu, akawashukuru mmoja mmoja, akawashika mikono. Kisha akachukua kijiko, akautikisa ule unga. Jana uliteleza. Sasa ulishikana katika mabonge madogo, kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

“Imekunywa,” aliniambia kwa sauti ya chini.

“Tuukaushe tena?”

“Wageni wako hapa. Nitawaambia nini? Kwamba macho yao imeharibu?”

Hapo ndipo kosa langu lilipopata pacha. Mimi nilifungua kwa kuogopa kuwakosea wageni. Yeye akafunga kwa kuogopa kuwaaibisha. Watu wa hapa husema ubupfura buba mu nda, uungwana hukaa tumboni, na siku hiyo Mwalimu aliuacha uungwana ukae tumboni umuume. Akakaza bolti, akafungulia gesi, akakiweka chungu motoni, akawaeleza wazazi kwa utulivu kile kinachotarajiwa, kama mtu anayesoma wasifu wa marehemu ambaye ndugu zake bado hawajaambiwa. Kisha wakaenda misa, wakala chakula, wakasikiliza kwaya.

Alasiri wakarudi, Padiri akiwa mbele. Tulikuwa tumekiacha chungu kikapoa. Mwalimu akayeyusha unga katika maji, akauweka katika bilauri kubwa ya kioo ili wote waone, akaanza kutia asidi tone kwa tone. Kama mambo yangekwenda sawa, asidi ya salisili ingeanguka chini nyeupe, kimya. Badala yake bilauri ilichemka. Mapovu yalipanda kwa fujo kama soda iliyotikiswa.

Wazazi wakapiga makofi.

Yule wa Kabuga alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mimi na Mwalimu tulitazama yale mapovu na kila mmoja alijua ni nini. Ilikuwa ile gesi yetu, inatoka kama ilivyoingia. Ilikaa chunguni mchana kutwa, ikapashwa moto, ikabanwa, na haikujenga kitu. Mapovu yalipoisha, yalibaki matone ya mafuta chini ya bilauri na ile harufu ya dawa ya choo.

Padiri aliyekuwa amesoma sayansi kidogo seminarini hakupiga makofi. “Ndiyo hiyo, Mwalimu?”

Nikasogea karibu na sikio la mzee wangu. Kwenye rafu kulikuwa na kichupa cha kloridi ya chuma. Asidi ya salisili ikidondoshewa tone la dawa hiyo hugeuka zambarau nzuri sana, na Padiri alilijua hilo, kwa sababu alikuwa ametuambia. Kitu ambacho Padiri hakukijua ni kwamba fenoli nayo hugeuka zambarau. Tone moja tu, na chumba kingebaki chetu. Rangi ingekuwa ya kweli. “Dondosha chuma, Mwalimu,” nikanong'ona. “Wataona zambarau waende nyumbani.”

Akakitazama kichupa. Alikitazama kwa muda, mwanangu, simfanyi mtakatifu. Mbao za zile rafu alizipiga randa mwenyewe. Kisha akageuka.

“Hapana, Padiri. Haikutokea. Chumvi haikukauka vizuri. Kosa ni yangu.”

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilikuwa na ulimi, nilikuwa na Kiswahili fasaha, Kifaransa na Kinyarwanda, na lugha zote hizo hazikunipa maneno matatu: “Hapana, ni mimi.” Nilitazama vifungo vya koti langu. Padiri aliinamisha kichwa kwa masikitiko ya kweli, akamshika bega mzee, akasema watazungumza kesho. Wazazi wakatoka polepole, wakiwa hawajui walishangilia nini.

Jioni nilimsindikiza Mwalimu kuelekea Kagarama. Mvua ilikuwa imekatika, na barabara ilikuwa tope tupu. Nilingoja anifokee, mtu akifokewa huhisi amelipa. Hakufoka. Akajaribu kuunyoosha mwavuli wake uliopinda, akasema.

“Ungewaambia neno moja. Buretse.”

Buretse, ngojeni kidogo. Mtoto wa Kigali hulijua neno hilo kabla hajaota meno.

“Niliogopa watakasirika.”

“Wangekasirika kidogo. Mvua ingekatika, wangesahau. Mimi pia, nikifika, ningewaambia samahani, rudini wiki ijayo. Sikusema. Sisi wote wawili tuliheshimu wageni zaidi kuliko kazi, na wageni walikuja kuona kazi.”

“Na ile zambarau, Mwalimu? Chumba kingebaki.”

“Bon. Kingebaki. Halafu watoto wanakuja na ngozi yao, wananyoosha mkono. Tunapaka nini? Fenoli? Tunawachoma?” Akapiga tope kwa ncha ya mwavuli. “Wewe unajua rangi. Jua pia nani atapakwa.”

Nikasema, hatimaye, “Nitakwenda kwa Padiri niseme ni mimi niliyefungua.”

Akatabasamu. “Nenda. Lakini si kwa ajili ya chumba. Chumba imeenda. Nenda kwa sababu yako.” Kisha, kwa sauti nyepesi zaidi, “Kiangazi ikifika tutajaribu tena, kwangu, nyuma ya jikoni. Hewa itakuwa kavu. Mke wangu atalalamika harufu, tutamzoesha.”

Sikwenda kwa Padiri siku iliyofuata, kwa sababu rafu zilikuwa zinang'olewa na nilidhani si wakati mzuri. Sikwenda wiki iliyofuata, kwa sababu kulikuwa na mitihani. Nikajiambia nitasema kiangazi, tukishapata ile asidi, niende nayo mkononi nikiwa na cha kuonyesha. Niliona ni heshima zaidi kukiri kosa nikiwa nimesharekebisha. Ndivyo mtu mwenye koti jeupe anavyofikiri.

Kiangazi cha mwaka uliofuata hakikumkuta Mwalimu Faustini. Yeye na mkewe waliuawa mwezi wa Aprili katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Unayajua, umefundishwa, na kila mwaka tunakaa pamoja kuwakumbuka. Sitayafupisha hapa kwa aya moja. Padiri naye hakuwepo tena. Nilipopata uwezo wa kusema, hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuambiwa.

Miaka mingi baadaye, katika maabara ya nchi jirani yenye tanuri zuri la kukaushia, niliifanya kazi ile tangu mwanzo hadi mwisho. Asidi ilianguka chini ya bilauri, nyeupe, kimya, kama alivyosema. Wanafunzi wangu waliiandika katika ripoti zao wakaenda kula. Nilibaki pale nikiwa na kitu cha kuonyesha.

Sasa nasaha, maana umeningoja sana. Kwanza, ukipewa chungu cha kutunza na wageni wakaja, waheshimu, wape viti, wape chai, na uwaambie wangoje. Mgeni mwema hutaka kuona kazi imeiva, hata kama hajui kusema hivyo. Kuhusu zile rangi, sina la kuongeza juu ya alilolisema mzee kwenye tope. Nenda na kemia yako ukijua nani atapakwa.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Ukiharibu, na mtu mwingine akainua kosa lako na kuliweka kichwani mwake mbele za watu, mpokee mzigo huo papo hapo, kabla hajapiga hatua. Usingoje uwe na cha kuonyesha. Usingoje hewa ikauke. Aibu ya papo hapo ni fupi kama mvua ya mchana. Iliyowekwa akiba hukaa na mwenyewe mpaka uzeeni, na siku hizi yangu huamka kabla yangu. Mimi nilidhani msamaha ni kama ile chumvi, unahitaji msimu wake. Hauhitaji. Unahitaji tu yule unayemwomba awe bado hai.

Nenda ukajenge na hiyo hewa ya ukaa, mwanangu. Mungu akupe mikono inayoelewa mapema kuliko yangu, akupe mwalimu wa kukukemea bila kukufokea, akupe ulimi mwepesi wa kusema “ni mimi”. Na yule utakayemwambia neno hilo, Mungu amweke hai mpaka ulimalize.